Kuuweka Msiba Mahali Pake

Katika nyumba za Wakonzo, walio wengi wa wakazi wa Kyarumba na vilima vyote vya Bukonzo katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watoto hupewa majina kwa taratibu ya kuzaliwa kwao, hata mgeni ayajuaye majina hayo aweza kumsikia mama akiwaita wanawe na papo hapo akajua yupi aliyetangulia na yupi aliyefuata. Bwambale hufuatwa na Masereka, na Masereka hufuatwa na Kule. Kwa wasichana Masika hutangulia, kisha Biira, kisha Kabugho. Desturi hii njema ina machungu yake siku za majonzi, kwa sababu mama aliyempoteza mwana wa katikati hawezi kuwaita waliobaki pasipo ulimi wake kulipita pengo. Na jirani asikiaye Bwambale na Kule wakiitwa kula hulitambua pengo hilo vilevile, ijapokuwa hakuna aliyelitaja.

Nyumba zenye mapengo ya namna hiyo ni nyingi, maana nchi hii iliyo baina ya theluji za Rwenzori na mpaka wa Kongo imeandamwa na misiba kwa muda unaopita umri wa mtu mzima. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilitiwa moto, na baadhi ya maiti ziliungua hata wazazi hawakuweza kuwatambua watoto wao ila kwa vipimo vya vinasaba. Kabla ya hapo, tarehe 26 na 27 Novemba 2016, majeshi ya serikali yalipambana na walinzi wa Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, na kuishambulia ikulu yake mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu zaidi ya 150 waliouawa katika siku hizo mbili, watoto wakiwamo, ilhali hesabu ya serikali ilikuwa pungufu. Na wenye umri wa makamo hawajaisahau tarehe 13 Novemba 1996, ADF walipotokea mara ya kwanza upande wa Mpondwe na Bwera, ikawa mwanzo wa miaka ya watu kulala porini na makambini wakiyaacha mashamba yao yamee magugu.

Wala mambo hayo hayakuanzia hapo. Wazee huwasimulia wajukuu habari za viongozi wao Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, waliouawa mwaka 1921 kwa kukataa kutawaliwa na ufalme wa Toro chini ya himaya ya Waingereza. Na waliolelewa kwa masimulizi hayo ndio waliokuwa watu wazima mwaka 1962, pale mwalimu Isaya Mukirane na wenziwe walipotoka katika baraza la Toro, wakilalamika kwamba Wakonzo na jirani zao Waamba wanadharauliwa, wakapanda milimani na kutangaza dola yao wenyewe ya Rwenzururu. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa bado mtoto, akarithi kiti na vita pamoja. Vita hivyo havikuzimwa kwa bunduki. Mwaka 1974 Wakonzo walipewa wilaya yao mbali na Toro, na tarehe 15 Agosti 1982, baada ya mashauri marefu, Mumbere aliteremka milimani akakabidhi silaha mjini Kasese. Baadaye alikwenda Marekani, na huko mtu aliyelelewa kuwa mfalme akaishi miaka mingi kwa kazi ya kuwauguza wakongwe katika nyumba za kutunzia wazee, hata aliporudi na kutawazwa tarehe 19 Oktoba 2009. Wapo waionao kazi ile kuwa fedheha kwa mtu wa cheo chake. Mimi naiona kuwa ni heshima, kwani mtu aliyekulia vitani alikwenda akajifunza kumwosha na kumlisha mtu asiyemjua.

Tarikhi hii ina mafunzo kwa kila mwenye kushughulika na machungu yaliyopita, awe ni wa nyumba moja au wa kabila zima. Machungu yasiyopata mtu wa kuyasikiliza huhama kutoka kifua cha baba kwenda kifua cha mwana, na mwana huyapokea bila kujua sura yake wala chanzo chake, ila joto lake tu. Katika desturi zetu tunayo maneno ya kumliwaza mfiwa, na mengi ni mazuri. Walakini kuna namna ya kuyatumia inayomfunga mtu kinywa. Mjane akianza kusema habari za usiku wa msiba wake, shemeji humkatiza upesi kwa wema wote: "Basi, mama, usilie tena, yaliyopita si ndwele, mwachie Mungu." Shemeji hana nia mbaya. Yeye mwenyewe hawezi kustahimili kusikia, kwa kuwa naye ana lake asilolisema, na hivyo watu wawili wenye msiba mmoja hukaa katika baraza moja wakifichana.

Yafaa tuelewe kinachotendeka katika nafsi ya mtu wa namna hii, maana ujinga wa jambo hili umewafanya wengi wadhani wamerogwa au wamepungukiwa na akili. Kumbukumbu za siku za kawaida zina tarehe na mahali pake: mtu akikumbuka harusi ya dada yake, ajua kwamba ilikuwa zamani na kwamba yeye sasa ameketi jikoni kwake. Kumbukumbu ya tisho kubwa haitii kanuni hiyo. Huhifadhiwa vipande vipande, harufu mahali pengine, sauti mahali pengine, baridi ya mikono mahali pengine, bila uzi wa kuvifungamanisha wala alama ya kuonyesha kwamba mambo yale yalikwisha. Kwa hiyo moshi wa magugu yanayochomwa shambani, au pikipiki inayopiga mlio ghafula usiku, huweza kumrudisha mtu mzima katika saa ile ile ya hatari. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na mwili wake huamini kwamba adui yupo mlangoni. Huyo hakosi imani wala ushujaa. Kilichokosekana ni mpango: jambo lililokwisha halijapata mahali pa kukaa miongoni mwa mambo yaliyokwisha.

Lazima niseme, ili nisimtishe mtu bure, kwamba walio wengi hupona pasipo tabibu. Jamaa wakikusanyika, chakula kikipikwa, sala ikisomwa na kazi ikirudiwa, huzuni hupungua makali yake kadiri miezi ipitavyo, ijapokuwa haiishi kabisa, wala hapana sababu ya kuitaka iishe, kwa kuwa ni sehemu ya mapenzi. Lakini wapo wachache ambao miezi hupita na hali yao haibadiliki: hawalali, hawawezi kupita njia fulani, hasira huwapanda kwa jambo dogo, pombe huongezeka, mtoto aliyebaki hupigwa au husahauliwa. Shirika la Afya Duniani limeiingiza huzuni ya namna hii, inayodumu zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu asiishi maisha yake, katika orodha yake mpya ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mwenye hali hiyo ni mgonjwa kama alivyo mgonjwa mwenye homa, na mlango wake wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Bwera, au ile ya Kagando.

Nao walio na shauku ya kusaidia wajihadhari na kosa la pili, lililo kinyume cha lile la kumnyamazisha mfiwa. Hapo zamani ilidhaniwa kwamba mtu aliyetoka katika maafa apaswa kukalishwa mara moja, siku zile zile, akatakiwa aeleze yote aliyoyaona. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha kulazimishwa cha aina hiyo hakileti faida, na pengine huongeza madhara. Katika siku za kwanza mtu ahitaji usalama, maji, blanketi, habari za jamaa zake, na mtu mtulivu wa kukaa kando yake. Kusimulia kutakuja kwa wakati wake, na kwa hiari yake.

Wakati huo ukiwadia, iko njia moja iliyojaribiwa hapa hapa Uganda ambayo yastahili kujulikana na kila mwalimu, mchungaji na imamu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa nchi, wataalamu waliwafunza baadhi ya wakimbizi wenyewe kwa majuma machache, watu wasiokuwa madaktari, ili wawatibu wenzao Wanyarwanda na Wasomali waliokuwa wakisumbuliwa na kumbukumbu za vita. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa kwamba takriban watu saba katika kila kumi waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuwa na ugonjwa tena, na miongoni mwa wasiotibiwa waliopona hawakufika wanne katika kumi.

Njia yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Kamba hunyoshwa sakafuni. Ncha yake moja ni siku ya kuzaliwa kwa mtu, na ncha ya pili huachwa imeviringishwa, kwa kuwa hiyo ni miaka isiyofika bado. Mwenye kutibiwa huweka maua juu ya kamba mahali pa siku zake za furaha, na mawe mahali pa siku zake za taabu, jiwe kubwa kwa msiba mkubwa, kijiwe kwa msiba mdogo. Na aghalabu mtu aliyekuja akiamini kwamba maisha yake yote ni jiwe moja hushangaa kuona kwamba kulikuwa na maua kabla yake, na mengine baada yake. Kisha, katika vikao vinavyofuata, husimulia maisha yake kwa taratibu, tangu utotoni, na wanapolifikia jiwe msikilizaji hamharakishi: humwuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa amesimama wapi, alisikia nini, moyo ulisemaje wakati ule na wasemaje sasa. Yote huandikwa, na kikao kinachofuata huanza kwa kumsomea yaliyoandikwa, naye husahihisha. Mwisho hukabidhiwa maandishi hayo yakiwa ni tarikhi yake mwenyewe, yenye tarehe, yenye mwanzo, na yenye siku zilizokuja baada ya siku ile.

Jaribio jingine, la zamani kidogo, lilifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, mahali ambapo ukimwi ulikuwa umeacha nyumba nyingi tupu. Huko watu wenye huzuni iliyowalemea walikutana kwa makundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakiongozwa na mtu wa nchi ile ile asemaye lugha yao, wakazungumza juu ya wafu wao, ugomvi wa nyumbani, na mabadiliko ya maisha yaliyowapata bila kutaka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika makundi hayo waliobaki na huzuni ile nzito walikuwa chini ya 7 katika kila 100, na katika vijiji visivyokuwa na makundi walizidi 50. Dawa haikutumika. Kilichotumika ni watu waliokaa pamoja kwa ahadi ya kurudi juma lijalo.

Sasa nirudi Kyarumba, maana hapo pana jambo ambalo halikubuniwa kwa ajili ya wafiwa, nami naliona kuwa lawahusu sana. Mji huu mdogo wa milimani ndio makao ya chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ADF wangali wakisumbua, kwa kuviunganisha vikundi vya wakulima waliokuwa wakiweka akiba na kukopeshana. Wanachama wake wengi ni wanawake, na wengi wao hawakupata kisomo cha kutosha. Kwa ajili hiyo chama kiliwafundisha kuchora. Mtu hupewa daftari na kalamu za rangi. Kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto, huchora duara na ndani yake hali yake ya leo, nyumba ya udongo labda, na miche michache ya kahawa. Kwenye pembe ya juu, upande wa kulia, huchora duara jingine na ndani yake hali anayoitamani. Kisha huyaunganisha maduara hayo kwa mistari miwili iliyo mfano wa barabara, juu yake akachora mambo yatakayomsaidia na chini yake mambo yatakayomzuia. Wengine walianza kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Mume na mke wakiisha kuchora, huonyeshana. Na katika michoro hiyo yamefichuliwa mambo ambayo ndimi hazikuthubutu kuyasema, kama vile nani abebaye magunia na nani azishikaye fedha, hata katika ndoa nyingine mume na mke wakaandikisha shamba kwa majina yao wote wawili.

Ukiitazama kamba ya Nakivale pamoja na barabara ya Kyarumba, utaona kwamba kila moja ina sehemu ambayo nyenzake haina. Kamba humwezesha mtu kuyapanga yaliyopita, lakini miaka ijayo huiacha imeviringishwa; barabara huikunjua miaka hiyo, lakini huanzia leo, wala haimwulizi mtu ametokea wapi. Mfiwa ahitaji zote mbili. Amshauriye mwenzake afikirie kesho tu, na jana yake haijapata kusikilizwa, humtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Na amwachaye azunguke daima katika usiku ule ule, bila kazi wala shauri la mwaka ujao, humwacha humo. Laiti vikundi vya akiba vya Bukonzo, ambavyo tayari vina watu waaminianao na siku maalumu ya kukutana, vingepewa msaada wa mtu aliyefunzwa kazi ya kusikiliza, gharama yake ingekuwa ndogo mno kuliko kujenga nyumba mpya na kuingojea ijae wataalamu.

Kahawa yenyewe husaidia. Mche wa Arabika hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vema, kwa hiyo aupandaye hutoa ushahidi kwamba ataraji kuwapo. Na zao hili halimruhusu mtu kujifungia ndani, kwa sababu tunda huchumwa likiwa jekundu, si kijani, na likichumwa leo halina budi kumenywa leo, kulowekwa hata utelezi uoze, kuoshwa, kisha kuanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara kwa mara jua linapowaka, na mtu mmoja hawezi kuyatenda hayo yote peke yake. Mjane anayeigeuza buni kichanjani akiwa na jirani upande wa pili aweza kusema mambo ambayo asingeyasema akiwa ameketishwa mbele ya mtu na kuulizwa. Mikono ikiwa kazini na macho yakiwa chini, maneno hutoka.

Walakini haitakuwa insafu kumwambia mtu apone peke yake kutokana na jambo alilotendewa na wengine. Baadhi ya waliouawa Novemba 2016 walizikwa na serikali pasipo jamaa zao kuwapo, na mzazi asiyejua mwanawe alilala wapi hana mahali pa kuanzia matanga. Omusinga Mumbere na watu zaidi ya 200 walikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yao yaliondolewa Juni 2023, na mwezi Oktoba mwaka huo Omusinga akarudi Kasese, watu wakimpokea kwa machozi na ngoma. Hilo ni jema, na vijana waliokaa gerezani kwa karibu miaka saba wakarudi kwa mama zao. Hata hivyo, kuondoa mashtaka ya walio hai hakujibu swali la waliokufa: ni nani aliyetoa amri, na kwa nini watoto waliuawa? Familia za askari polisi waliouawa siku zile nazo zina swali lao, na machozi yao si ya rangi nyingine.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliipitisha mwaka 2019 sera ya taifa juu ya haki baada ya vita, inayotaja kusema kweli, fidia na njia za asili za upatanisho. Rwanda, jirani yetu, ilifungua mahakama za gacaca katika vijiji vyote kwa takriban miaka kumi, na ijapokuwa zilikuwa na kasoro nyingi, wajane wengi walijua kwa mara ya kwanza, kwa kinywa cha muuaji mwenyewe, mifupa ya waume zao imo shimo gani. Wakonzo wana kikao chao, ekyaghanda, ambapo wazee hukaa na vijana kando ya moto wakapima jambo hata lieleweke. Kikao hicho chaweza kuyabeba mengi: kijana aliyetoka gerezani na jirani aliyempoteza ndugu, watu wa Rwenzururu na jamaa za polisi, hata majirani wa makabila mengine wanaolima bondeni. Hakiwezi kubeba jambo moja tu, yaani habari za makaburi, kwa sababu habari hizo zimo mikononi mwa serikali.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni hilo basi: majina ya waliozikwa mwaka 2016 yasomwe mbele ya jamaa zao, na mahali walipozikwa paonyeshwe, ili kila ukoo ufanye desturi zake. Na kwako, msomaji, ombi langu ni dogo zaidi. Mfiwa hupata watu wengi juma la kwanza na hakuna hata mmoja mwezi wa nne. Mwendee mwezi wa nne. Usimwendee na mawaidha. Mpelekee sukari au sabuni, ukae, umtaje marehemu kwa jina lake, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.